Uganda: Mtoto wa Mkimbizi na Shule ya Serikali

Mazungumzo ya leo baada ya habari yanahusu nchi jirani ya Uganda, ambayo mwishoni mwa mwaka 2024 ilikuwa ikiwahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, idadi isiyo na kifani katika bara la Afrika. Askari aliye mpakani, awe Elegu, Bunagana au Mpondwe, ndiye mtu wa kwanza kuwaona. Huhesabu watu, hupekua mizigo, hutafuta silaha. Kisha lori huwachukua, na swali linalosalia halimo tena katika madaraka yake: watoto hao watasoma wapi, na ni nani atakayewalipia?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ilijibu nusu ya swali hilo, kwani humpa mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Wala hiyo si haki ndogo. Tangu Januari 1997 elimu hiyo imetolewa bila karo katika shule za serikali. Mwaka 1996 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa milioni 3 na kidogo. Mwaka uliofuata walizidi milioni 5. Kwa hiyo madarasa yalikwisha kufurika hata kabla mgeni hajabisha hodi.

Naye akabisha kwa kishindo. Mapigano yalipozuka upya mjini Juba Julai 2016, makazi ya Bidibidi yalifunguliwa mwezi uliofuata katika wilaya ya Yumbe, na kabla ya mwaka kwisha yalikuwa na watu zaidi ya 250,000, wengi wao watoto. Mahema yakawa madarasa, na mwalimu mmoja alikabili watoto zaidi ya 100. Serikali ingeweza kuwatenga, wageni na shule zao, wenyeji na zao. Haikufanya hivyo, na hapo ilitumia busara. Kanuni iliyowekwa ni kwamba asilimia 30 ya msaada unaoletwa kwa ajili ya wakimbizi iwafikie wenyeji. Mkulima wa Yumbe aliyetoa ardhi yake, akiona mtoto wa mgeni amepewa daftari na wake hana, ugomvi utakaozuka hautaishia uwanjani mwa shule. Utafika kituo cha polisi.

Mjini Kampala mambo ni mengine. Mkimbizi anayechagua kuishi Kisenyi au Katwe hapati mgao wa chakula wala kiwanja, hujitegemea. Shule za msingi za serikali jijini hazifikii 100, ilhali za watu binafsi huhesabiwa kwa mamia. Na hata hiyo shule ya bure ina sare, ina chakula cha mchana, ina michango isiyokwisha. (Askari aliyehamishwa vikosi vitatu katika miaka mitano, akiwa na watoto wanne, hahitaji kuelezwa habari za michango.) Mama wa Kikongo hujikuta akimpeleka mwanawe katika shule ya binafsi ya mtaani, si kwa kupenda fahari, bali kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mwenye nayo hukubali kulipwa kidogo kidogo. Deni likizidi, mtoto hurudishwa nyumbani. Nyingine ni nzuri; nyingine hazifai. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliunga mkono amri ya kufunga shule 63 za kampuni moja ya kigeni, zilizoelezwa kuwa hazina leseni wala usafi unaotakiwa.

Katika sekondari serikali yenyewe ilizitegemea shule za binafsi. Kuanzia mwaka 2007 ilizilipa baadhi yake shilingi 47,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula, na mwaka 2018 ikaanza kujitoa katika mpango huo. Raia aliachwa kutafuta karo, seuze mkimbizi.

Mwaka 2018 pia Uganda ilitangaza mpango wa miaka mitatu na nusu wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji wao, kufuatia azimio la nchi za IGAD lililopitishwa Djibouti Desemba 2017. Lakini fedha nyingi zilitarajiwa kutoka nje, na cha kutarajia hakishiki zamu. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni 1 katika mgao wa chakula. Mtoto aliyekosa chakula nyumbani huenda kulima kibarua, si shuleni.

Liko pia suala la mtaala. Katika kambi za Nyarugusu na Nduta nchini Tanzania, watoto wamefundishwa kwa mitaala ya nchi walikotoka, kwa tarajio la kurejea kwao. Uganda huwafundisha mtaala wake yenyewe, kama ilivyowasomesha watoto wa wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1959 na baadaye; miongoni mwao ndimo walimotoka maofisa wengi walioingia Rwanda na jeshi la RPF Oktoba 1990. Ubaya wake ni lugha. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili, lugha ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya jeshi na polisi tu, kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wake, hata hivyo, ni haba. Mtoto wa Bukavu aingiapo darasani Nakivale, akiwa na Kifaransa chake na Kiswahili chake, hushushwa madarasa mawili au matatu, akaketi na watoto wadogo kuliko yeye kuanza Kiingereza.