Mbwa Aliyekataa Kula Peke Yake

Leo nataka kuwaeleza habari za mbwa mmoja mdogo. Naomba usifunge redio yako, maana mbwa huyu alinihubiria mimi niliyezoea kuwahubiria wengine.

Miaka michache iliyopita tulimzika mama mmoja mjane wa kanisa letu. Baada ya mazishi binti yake, anayefanya kazi mbali, alinijia na kikapu. Ndani yake mlikuwa na mbwa. "Baba Mchungaji," akasema, "mama alimpenda sana huyu. Mahali ninapopanga hawaruhusu mbwa. Tafadhali." Sikuweza kukataa.

Mbwa mwenyewe ni chotara. Baba yake ni Poodle wa ile aina ndogo, na mama yake ni Maltese. Mbwa wa namna hii hawafugwi kwa kulinda boma wala kuwinda, bali kwa kukaa na watu tu. Uzito wake haufiki kilo tano. Na jina lake? Simba! Majirani walicheka: "Mchungaji, paka akija, simba huyu atakimbilia wapi?"

Siku ya kwanza nilimwinamia, nikamnyoshea mkono juu ya kichwa. Alinguruma, akajificha chini ya kabati. Nikasema moyoni, mbwa huyu ana kiburi. Daktari wa mifugo alipokuja kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, alinicheka. "Mchungaji, unamjia kama mti unaoanguka. Kaa chini. Usimkazie macho, kwa mbwa huo ni ugomvi. Mgeuzie ubavu, weka mkono chini, ungoje. Mbwa humjua mtu kwa pua kwanza." Tena akanionyesha kwamba nywele za chotara huyu haziachi kukua; zilikuwa zimemfunika macho, hata asione ni nani anayekuja. Tukazipunguza. Basi mimi, mtu mzima mwenye kola ya ukasisi, nikaketi sakafuni jikoni jioni mbili. Jioni ya pili akaja, akanusa vidole vyangu, akalala karibu na kiatu changu.

Lakini kula, hakula. Mke wangu alimwekea wali na nyama jikoni, nasi tukaenda zetu mezani. Alinusa tu, akaondoka. Tukadhani huzuni itamwua. Usiku wa tatu nilichelewa kurudi kutoka mkutanoni, watu wa nyumbani wamekwisha kulala. Nikaketi jikoni peke yangu na sahani ya ugali. Simba akaja, akasimama kando ya bakuli lake, akanitazama. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni, naye akainama akala. Akamaliza yote.

Ndipo nikaelewa, na tonge likanikwama kooni. Mbwa huyu alizoea mlo wa wawili: yeye na yule mama. Miaka yote ile, asubuhi na jioni, mama yule hakuwa na mwenzi wa kula naye ila huyu. Mimi nilijua jina lake katika daftari la washirika. Nilijua benchi lake. Nilimpa mkono mlangoni kila Jumapili: "Hujambo, mama?" "Sijambo, Baba." Mbwa wake nilimkalia sakafuni jioni mbili. Yeye mwenyewe sikumkalia mezani pake hata robo saa.

Msikilizaji, unamkumbuka yule mama mgeni katika Injili ya Marko, sura ya 7, aliyemwombea binti yake kwa Yesu? Neno la Kiyunani lililoandikwa pale ni la mbwa wadogo. Mama yule akalishika neno hilo hilo: hata hao wana nafasi yao chini ya meza. Na Bwana akampa alichoomba. Nasi Waanglikana tunayo sala ya kale, iliyoandikwa Uingereza mwaka wa 1548, ambayo kwayo hukiri mbele ya Meza ya Bwana kwamba hatustahili hata makombo. Nimeiomba sala hiyo mara nyingi mno. Lakini ni ajabu: sisi tusiostahili makombo tunakaribishwa mezani pamoja, kisha tunatoka kanisani, kila mtu akala kwake na mlango umefungwa.

Juma lile nilimwendea mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Sikwenda kuhubiri. Nilikwenda saa ya chakula cha jioni, nikakaa. Alikuwa amepasha moto maharagwe ya jana. Tukala. Hakusema mengi. Nilipoaga akauliza, "Utakuja tena lini?"

Ndugu yangu, dada yangu, katika kanisa lako ni nani anayekula peke yake? Usimwinamie kutoka juu. Usiharakishe. Kaa chini, ungoje akujue.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetukaribisha mezani pako tusiostahili, tusamehe wale tuliowapa mkono bila kuwajua. Utuonyeshe leo mlango mmoja wa kubisha. Amina.