Kisichomo ndani ya Sanduku: Nasaha kwa Wanunuzi wa Modeli za Ndege za Kivita

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na vijana



Leo tunazungumza juu ya burudani inayowavutia watu wa rika nyingi: kuunda modeli za plastiki za ndege za kivita zilizopata kuruka kweli. Ni burudani yenye heshima. Humfunza mtu subira, hunoa jicho na mkono, na humwingiza katika historia kwa mlango wa aina yake. Hatukuja kuwakataza. Tumekuja kuwaomba kwamba, kabla ya kulipa, mjiulize ni kitu gani kisichomo ndani ya sanduku.

Mzazi mmoja alitufikia akiwa na sanduku la namna hiyo mkononi. Alikuwa amemnunulia binti yake wa miaka 9 modeli ya Spitfire, ndege mashuhuri ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili. Picha ya juu ilionyesha ndege iliyokamilika, yenye rangi zake zote, ikipaa juu ya mawingu. Nyumbani wakakuta vipande vya plastiki ya kijivu, karatasi ya maelekezo na karatasi ya alama za kubandika. Gundi haikuwamo, wala rangi. Mzazi akanunua rangi ya kopo la kupuliza, na usiku ule binti akaipuliza chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa kwa kuhofia mbu. Aliamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Baadaye ikagundulika kwamba kioo cha chumba cha rubani nacho hakikuwamo, na muuzaji akakataa kubadilisha kwa kuwa risiti ilikwisha tupwa.

Binti yule alipata nafuu siku ile ile. Lakini karibu kila kosa katika kisa hiki lingeepukwa kwa kusoma maandishi ya ubavuni mwa sanduku na kuuliza maswali machache. Maswali yenyewe ni haya.

La kwanza: modeli hii ni ya uwiano gani, na inamfaa nani? Uwiano hueleza ndege halisi imepunguzwa mara ngapi. Mabawa ya Spitfire za mwanzo yalikuwa na upana wa mita 11.23 toka ncha hadi ncha. Katika uwiano wa 1:72 modeli itakuwa na upana wa sentimita 15.6; katika 1:48 sentimita 23.4; na katika 1:32 itazidi sentimita 35. Modeli kubwa huhitaji nafasi, rangi na fedha zaidi. Modeli ndogo nayo si lazima iwe rahisi: katika 1:72, ufa wa milimita moja unalingana na ufa wa sentimita 7.2 katika ndege halisi, na jicho huuona mara moja. Tazameni pia umri ulioandikwa. Seti nyingi za aina hii zimekusudiwa watu wa miaka 14 na kuendelea, maana zina vipande vidogo vya kumezeka, hukatwa kwa wembe, na huungwa kwa kemikali kali. Anayeanza atafutiwe seti yenye vipande vichache, na mtoto asiachwe peke yake mezani.

La pili: kalibu iliyotoa vipande hivi ni ya lini? Kalibu za chuma hudumu miaka mingi, na kampuni huweza kuzitumia tena na tena huku ikibadilisha sanduku na picha. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa Spitfire Mk I ya 1:48 mwaka 1993, kisha ikatoa nyingine ya kalibu mpya kabisa mwaka 2018. Jina ni lile lile; bidhaa ni mbili tofauti. Anayenunua kwa jina pekee aweza kupata asiyoikusudia, kwa hiyo linganisheni namba ya bidhaa iliyo kwenye sanduku. Kalibu ya zamani si aibu, ikiwa imetangazwa. Airfix ya Uingereza, iliyoanza kuuza Spitfire za plastiki katika miaka ya 1950, ina safu maalumu ya seti za kalibu zake za kale, na jina la safu hiyo lauweka ukweli huo wazi. Mnunuzi ataraji vipande vyenye plastiki iliyovuja kingoni na mapengo ya kujazwa puti. Asichostahili ni kulipa bei ya kitu kipya kwa kitu cha kale.

Kwa wale wanaotaka usahihi wa kihistoria, swali hili lina upande wa pili: ndege hii ni ya mwaka gani? Spitfire za kwanza kabisa zilikuwa na rafadha ya mbao yenye mapanga mawili. Za baadaye zikapewa yenye matatu. Kabla ya Juni 1940 nyingi zilipakwa tumboni nusu nyeusi na nusu nyeupe, kisha ikaamriwa rangi moja ya kijani hafifu. Hakikisheni kwamba rafadha, rangi na alama zilizomo ni za kipindi kimoja. Picha za wakati ule zina ushahidi mzuri kuliko mchoro wa sanduku, kwa kuwa mchoro ulichorwa ili kuuza.

La tatu: jumla ya gharama ni kiasi gani? Orodhesheni kabla ya kulipa: gundi, rangi, thina, brashi, koleo dogo la kukatia, kibanio, msasa na puti. Kwa anayeanza, vitu hivi vikijumlishwa vyaweza kuizidi bei ya seti yenyewe. Anayeagiza kutoka ng'ambo aongeze nauli ya mzigo, ushuru na kodi. Tena, makopo ya kupuliza, thina na rangi za mafuta ni vitu vinavyoshika moto, navyo haviruhusiwi katika posta ya kawaida ya ndege. Vikikamatwa njiani, mnunuzi huenda akakosa mzigo na fedha pia. Ni afadhali kununua rangi za maji zinazopatikana karibu.

La nne, nalo ni zito kuliko yote: tutavuta hewa gani? Gundi ya plastiki huyeyusha kingo za vipande ili ziungane, na mvuke wake ni ule ule wa kemikali iyeyushayo. Rangi ya kupuliza hutoa mvuke pamoja na matone madogo mno. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, wala ile ya upasuaji. Hata barakoa nzuri ya vumbi haiuzuii. Kinachohitajika ni kinyago chenye kichujio maalumu cha mvuke wa kemikali. Asiye nacho apulizie nje, mbali na moto, au atumie brashi na rangi za maji mahali penye hewa ipitayo. Mbu wazuiwe kwa wavu dirishani, si kwa kulifunga dirisha.

Vipande vya resini, ambavyo huuzwa kando kwa ajili ya kuongeza undani, vina hatari nyingine. Vikisuguliwa vikavu hutoa vumbi laini lisilofaa kuingia mapafuni. Visugueni vikiwa vimelowa maji, mkiwa mmevaa barakoa ya vumbi inayoshika uso barabara, kisha mfute meza kwa kitambaa kibichi. Gundi ya papo kwa papo nayo huunganisha vidole kwa sekunde chache. Msivivute kwa nguvu. Lowekeni katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka viachane. Isimwagike kwenye nguo ya pamba, kwa kuwa hupata joto kali na kuunguza ngozi. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi na mwende hospitali bila kuchelewa.

La tano: nikikuta kasoro, nitadai kwa ushahidi gani? Daini risiti na muitunze hadi modeli ikamilike. Ombeni kufungua sanduku mbele ya muuzaji. Ikiwa ameweka utepe asioutaka ukatwe, fungueni mara mfikapo nyumbani. Hesabuni fremu za vipande kwa kufuata karatasi ya maelekezo, na mtazame hasa vioo na karatasi ya alama. Pigeni picha kabla ya kukata kipande cha kwanza, kwa kuwa kipande kikishakatwa ni vigumu kuthibitisha kwamba kasoro haikutoka mkononi mwenu. Baadhi ya watengenezaji hutoa vipande mbadala wakiandikiwa na kupewa namba ya seti. Kwa hiyo sanduku nalo lisitupwe.

Ndugu zetu, mzazi yule alirudi kwetu baada ya miezi kadhaa. Alikuwa amenunua seti nyingine, ndogo, ya 1:72, yenye vipande vichache. Walikuwa wameiunda barazani, baba na binti, kwa brashi na rangi za maji. Mshono mmoja wa bawa haukufunga sawasawa, na binti alituonyesha mwenyewe kabla hatujauona, akaeleza kwamba safari ijayo angeujaza puti kwanza. Tuliifurahia modeli ile, na tuliyafurahia zaidi maneno yale.

Someni ubavu wa sanduku. Ulizeni. Fungueni madirisha.