Mbu na Maji ya Kutawadhia



Ama baad, ndugu Waislamu. Kila masika yakikaribia tunaitana kufyeka majani yaliyouzunguka msikiti, kisha tunarejea majumbani tukiwa na yakini kwamba mbu tumewakomesha. Kufyeka ni jambo jema, lakini mbu hatagi majanini. Hutaga kwenye maji au pembezoni mwa maji, na kila aina ina maji yake iliyoyachagua.

Mbu wa malaria aliye mashuhuri katika nchi zetu, Anofelesi gambie, hupenda maji madogo ya kina kifupi yapigwayo na jua: alama za kwato za ng'ombe, mifuo ya matairi ya gari katika njia ya udongo, mashimo ya wafyatua matofali. Hutaga yai mojamoja juu ya maji, na kila yai lina maboya ya hewa ubavuni ya kulieleza.

Kyuleksi, mwenye kueneza vijidudu vya matende na mabusha, yeye hutafuta maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yalitiwa vichembe vyepesi vya polistirini, vikatanda juu ya maji, na mbu akakosa pa kutaga.

Anayetuhusu zaidi sisi watu wa msikiti ni yule mwenye madoa meupe miguuni, Aedesi ejipti, mwenezaji wa dengue na chikungunya. Jina hilo la chikungunya asili yake ni Kimakonde, kwani ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kusini mwa Tanganyika. Dengue nayo iliusumbua mji wa Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu huyu ni jirani wa nyumbani. Huyataka mapipa, mitungi, matairi mabovu, vifuu vya nazi, na birika letu la kutawadhia. Mayai huyagandisha ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, tena huyagawa katika vyombo kadhaa. Yaweza kukaa makavu kwa miezi yasife. Maji yakipanda yakayafikia, huanguliwa.

Hapo ndipo panapohitaji mazingatio. Mwenye kumwaga maji ya pipa kisha akalijaza tena amewaondoa viluwiluwi, na mayai ameyaacha palepale. Kuta hazina budi kusuguliwa kwa brashi kila wiki, kwa kuwa katika joto la pwani safari ya kutoka yai hadi mbu arukaye yaweza kutimia kwa siku saba hadi kumi.

Na chombo kifunikwe. Katika Sahihi Muslim imepokewa amri ya Mtume (s.a.w.) ya kufunika vyombo na kufunga viriba. Wako waonao kuwa hiyo ni adabu ya jikoni tu. Basi nani aliyelitoa tangi la msikiti katika amri hiyo?

Leo baada ya sala ya Alasiri, kamati ianze na mapipa mawili yaliyo wazi nyuma ya vyoo. Makopo ya kutawadhia yalazwe kifudifudi, na mfuniko wa tangi uliopasuka uzibwe kwa kipande cha chandarua kilichofungwa barabara.