Chakula cha Asubuhi Wakati wa Mavuno

Mvua za Singida zikwishapo mwezi wa Aprili, uwele na mtama huvunwa. Huo ndio wakati wa furaha, nasi twapenda furaha hiyo ianze asubuhi nyumbani, watoto wakiketi pamoja kabla ya kwenda shule.

Pikeni uji wa uwele. Karanga zikaangwe, zitwangwe, zitiwe uji uchemkapo. Mwisho tieni maziwa yaliyochemshwa na asali kidogo. Lakini mtoto asiyetimiza miezi 12 asipewe asali kamwe, maana yaweza kumdhuru. Kando wekeni boga na viazi vitamu vilivyochemshwa. Karamu hiyo hutoka shambani mwenu wenyewe.

Twawasihi jambo moja: nafaka isiishe yote katika pombe na sokoni. Kila nyumba ipime kwanza madebe ya kuifikisha mavuno yajayo, iyafungie ghalani, ndipo ifanye karamu. Mwezi wa Februari mimea hustawi shambani hali ghala ni tupu. Na mtoto aliyeshiba mwezi wa Juni atataka uji siku hizo pia.