Ian Smith, rubani wa vita na mulimaji: yule aliyepigania uhuru na kuwakatalia wengine



Juma lililopita ulizo moja lilituachanisha bila jibu. Wamoja walisema: mutu aliyeshika bunduki kwa ajili ya inchi, wakati sisi wengine tulikuwa tumejificha ndani ya nyumba, yeye ndiye ako na haki ya kuiongoza. Wengine wakasema hapana. Sauti zilipanda, munakumbuka, mupaka mama mumoja jirani akakuja kuuliza kama kuna kilio. Tuliahidi kurudilia lile ulizo kupitia maisha ya mutu wa mbali kidogo, ili tuweze kuongea bila kukasirikiana. Tukamuchagua Ian Smith, aliyeongoza Rhodesia, ile inchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe.

Tutaanza na mazuri yake. Kama tunayaficha, hatutaelewa kitu.

Alizaliwa tarehe 8/04/1919 ku Selukwe, muji mudogo wa machimbo ambao leo unaitwa Shurugwi. Baba yake alitoka Scotland, akauza nyama, akafuga ng'ombe. Kijana alikuwa anasoma biashara ku chuo kikuu cha Afrika ya Kusini wakati vita ya Hitler ilianza. Akaacha masomo, akaingia jeshi la anga la Uingereza. Hakuna mutu aliyemulazimisha.

Tarehe 4/10/1943, huko Misri, ndege yake ya Hurricane ilianguka wakati wa kuruka. Taya lilivunjika, mguu ukavunjika, bega pia. Waganga wa Cairo walimutengeneza uso upya, lakini upande mumoja ulibaki kama umelala. Wale waliomuona miaka ya nyuma katika televisheni, na ile sura isiyochekaka, walifikiri ni ukali wa moyo tu. Kumbe sehemu ilikuwa kovu.

Mutu mwingine angerudi nyumbani na medali yake. Yeye aliomba kurudishwa vitani. Mwezi wa sita 1944 alikuwa anaendesha Spitfire juu ya Italia, akapigwa na mizinga ya Wajerumani, akaruka na mwavuli. Familia ya walimaji ikamuficha. Fikirini kidogo juu ya hiyo: watu masikini wa milimani, ambao wangeuawa wote kama Wajerumani wangemukuta, walimupa mutu wasiyemujua kitanda na chakula. Kisha akaishi miezi kadhaa na wapiganaji wa raia waliokuwa wanapinga ufashisti, wale ambao kwetu leo wangeitwa wazalendo. Akajifunza luga yao. Mwishoni akavuka milima ya Alpes kwa mguu, sehemu ya mwisho juu ya barafu bila viatu, mupaka kufika kwa Waamerika upande wa Ufaransa. Na alipopona akaomba tena kuruka.

Hiyo ni ushujaa. Hatutaipunguza hata kidogo.

Mwaka wa 1948 alioa, akanunua shamba lake la Gwenoro karibu na pale alipozaliwa, na akachaguliwa mubunge akiwa na miaka 29. Shamba lilikuwa la ng'ombe, mahindi na tumbako. Watu waliomujua wanasema alikuwa mulimaji wa kweli, si wa kutembelea shamba siku ya mungu na kofia. Lakini tuulize lile ambalo sisi watu wa Kivu tunaulizaka mbele ya yote: udongo ulikuwa wa nani? Tangu 1930 sheria ya Rhodesia ilikuwa imekata inchi vipande. Karibu nusu, na ndiyo nusu ya udongo muzuri, ilikuwa ya wazungu peke yao, na mweusi hakuwa na ruhusa ya kununua shamba ndani yake. Kwa hiyo yule rubani aliponunua Gwenoro, alinunua kitu ambacho jirani yake mweusi, hata angekuwa na feza mukononi, alikatazwa kununua. Miaka makumi mawili kisha, mu 1969, serikali yake Smith ikaandika sheria mupya: wazungu hawakufika laki tatu, weusi walikuwa karibu milioni tano, na kila upande ukapewa sehemu sawa. Wakasema hiyo ni haki, juu namba ni moja.

Hapa kuna kitu kinachotugusa sisi Wakongomani moja kwa moja. Mwezi wa saba 1960, Wabeleji walipokimbia Congo, wengi walipita Katanga na kuingia Rhodesia na magari yaliyojaa mizigo. Wazungu wa kule waliwapokea, wakasikia habari zao, wakaogopa. Chama cha Rhodesian Front, ambacho Smith alisaidia kuanzisha mu 1962, kilikula sana ile hofu. Kila mara walisema: muangalie Congo. Jina la inchi yetu likageuka fimbo ya kupigia watu wengine. Hawakuuliza Congo ilifikaje pale, na nani aliyekatalia Wakongomani masomo makubwa kwa miaka yote ile.

Tarehe 13/04/1964 Smith akawa waziri wa kwanza. Tarehe 11/11/1965 akatangaza uhuru wa Rhodesia bila ruhusa ya Uingereza, uhuru wa wachache. Siku ile haikuwa ya bahati: tarehe 11 ya mwezi wa kumi na moja ni siku Waingereza wanakumbuka askari wao waliokufa vitani. Maandishi ya tangazo yalifuata njia ya tangazo la uhuru wa Amerika la 1776, lakini pale Waamerika walisema watu wote wameumbwa sawa, Rhodesia iliruka ile mustari. Na ndani yake waliweka habari ya vita mbili kubwa na damu ambayo watu wa Rhodesia walikubali kumwaga. Kwa maneno mengine: tulipigana, kwa hiyo tunadai.

Camarades, hapa ndipo tunataka musimame. Ni damu ya nani? Ku vita ile ile, askari weusi wa Rhodesian African Rifles walipigana Burma. Wababu wetu wa Force Publique walipigana Ethiopia, wakashinda Saïo mu 1941, kisha wakarudi wakakuta fimbo ya mubeleji ingali inawangojea. Kama damu inaleta haki ya kutawala, basi hesabu ilikuwa ya wote. Smith alihesabu ya upande wake tu. Na wale walimaji wa Italia waliomuficha hawakuwa na bunduki hata moja. Deni lao yeye angelilipa namna gani?

Yaliyofuata tutayasema kwa haraka. Viongozi weusi, Nkomo, Sithole, Mugabe, walifungwa miaka kumi. Mutoto wa Mugabe alikufa Ghana mu 1966, na baba alikataliwa ruhusa ya kwenda kumuzika. Vita ya musituni ikapanda. Wanakijiji wakahamishwa kwa nguvu ndani ya vijiji vyenye senyenge. Mwezi wa kumi na moja 1977 ndege za Rhodesia zilipiga kambi za Chimoio, ndani ya Mozambique, ambako kulikuwa wapiganaji, lakini pia wanawake na watoto. Yule aliyeruka na mwavuli akaokolewa na masikini ndiye alikuwa waziri wa kwanza wa serikali iliyotuma zile ndege. Wakati vita inaisha, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wamekufa. Mwaka mbele ya ile 1977 alikuwa ametangaza kwamba yeye hasadiki utawala wa weusi walio wengi, hata kwa miaka elfu. Miaka minne tu, tarehe 18/04/1980, bendera ya Zimbabwe ikapanda.

Sasa, wale wetu wanaopenda habari iishie pale, tunawaomba wavumilie, juu sehemu inayotuuma sana ndiyo hii. Serikali ya Smith ilikuwa imeweka inchi chini ya hali ya hatari tangu 1965. Mugabe, aliyekula jela miaka kumi kwa ajili ya sheria za namna ile, alipoingia hakuiondoa. Ilibaki mupaka 1990. Ile sheria ya mwaka 1960 iliyokatalia watu kukutana na kusema, ilibaki mupaka 2002, na ilipoondoka ikaletwa ingine ya mufano wake. Yeye pia alisema: tulipigana. Katika Matabeleland, tangu 1983, maelfu ya raia waliuawa na jeshi la wakombozi wao. Na mu 1998 askari wa Zimbabwe walikuja mupaka huku kwetu, Congo, kusaidia Kinshasa, bila mwananchi wa Harare kuulizwa.

Smith mwenyewe alibaki ndani ya bunge mupaka 1987, akaendelea na ng'ombe zake. Mashamba ya wazungu yalipovamiwa tangu 2000, alisema kila mutu aliyetaka kumusikiliza kwamba yeye ndiye alikuwa na haki tangu zamani. Alikufa Cape Town tarehe 20/11/2007, miaka 88. Hatukusoma mahali popote kwamba alijuta.

Turudi nyumbani. Kila tarehe 17/05 tulikuwa tunaambiwa tushangilie ukombozi. Tangu tarehe 6/05/2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya etat de siège, raia wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na wenzetu walifungwa juu ya kuandamana bila hata jiwe mukononi. Na leo tuko na vijana, wengine ni ndugu zetu wa tumbo moja, waliochukua silaha kusema wanatulinda. Wamoja wamekufa kweli kwa ajili yetu. Tunawalilia. Lakini kesho yake, mukubwa wao anapoweka kizuizi barabarani na kumuomba mama wa soko 1,000 franka, anajibu neno lile lile: mulikuwa wapi wakati sisi tulipigana?

Tulikuwa shambani. Tulikuwa tunalima mihogo ambayo yeye alikula.

Ulizo la leo ndilo hili, na tunapenda wazazi waanze, sisi vijana tutafuata: mutu aliyetupigania, tumupe nini, na tumukatalie nini? Yule mama jirani wa juma lililopita ako hapa, tunamuona nyuma karibu na mulango. Mama, karibu, ukuje mbele, maneno ya kwanza ni yako.