Mkubwa wa warithi ni mlinzi wa mali

Leo tunaongea juu ya vita inayoanza ndani ya nyumba, siku chache baada ya matanga.

Mnaijua. Baba amekufa, watoto wametawanyika: mmoja Kabongo, mwingine Malemba-Nkulu, binti ameolewa Lubumbashi. Aliye karibu na lupango anakamata funguo na karatasi, anasema: «Mimi ndiye mkubwa, mali ni yangu.» Ama baba mdogo anamwambia mjane: «Rudi kwenu.» Walio mbali wakirudi wanakuta mgeni amekwisha kununua nyumba. Hapo panga linatoka.

Sheria ya jamaa ya nchi yetu ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inasema hivi: kama marehemu hakuchagua mtu katika wasia, mrithi mwenye umri mkubwa ndiye anayesimamia urithi. Akikataa, warithi wanachagua mwingine. Katika Kifaransa cha korti anaitwa likidatere. Lakini sikilizeni vizuri: ni lazima korti imthibitishe. Kujitangaza mbele ya watu wa matanga hakutoshi.

Kazi yake ni gani? Kujua warithi wote ni nani, kutunza mali, kulipa madeni yasiyoweza kungoja, kutimiza wasia, kupanga namna ya kugawa, kisha kutoa hesabu. Ukubwa unamwongezea kazi, haumwongezei fungu.

Na warithi ni nani? Wa kwanza ni watoto wote, wa kike na wa kiume: waliozaliwa katika ndoa, wa nje ambao baba aliwatambua kisheria akiwa hai, na aliowapokea kisheria kuwa wanawe. Hao wanapata robo tatu, sawa kwa sawa. Mtoto akiwa alikufa mbele ya baba, watoto wake wanasimama pahali pake.

Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Tuseme wote wapo. Gawa urithi mafungu 12: watoto 9, mjane 1, wazazi 1, ndugu 1. Lakini mbele ya kugawa, toa kwanza kilicho cha mjane mwenyewe kadiri ya ndoa yao, maana hicho si mali ya marehemu. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kutumia vyombo vyake, mpaka atakapoolewa tena. Baba mdogo naye anafikiwa tu kama hakuna mtoto, mjane, mzazi wala ndugu.

Ninyi mliokimbia, msikate tamaa. Kukimbia hakufuti jina lako kati ya warithi. Na kama ndugu yenu alipotea katika hatari, kifo chake ni hakika lakini mwili haukuonekana, korti inaweza kutangaza kifo hicho, ili mambo ya urithi yaendelee.

Jamaa, mbele ya mtu kuchukua hata kiti kimoja, kaeni pamoja mwandike kila kitu: lupango, mashamba, nyavu, baiskeli, cherehani, mbuzi, na madeni pia. Andikeni majina ya warithi wote, hasa wasiokuwapo. Kila upande ukamate nakala yake.

Ninyi wakubwa, ndio mnaoitwa kuwa mashahidi wakati wa kuuza. Mbele ya kutia sahihi, ulizeni maneno matatu. Karatasi ya korti iko wapi? Warithi wote wameandikwa, hata walio mbali? Wao wenyewe wamekubali? Jibu moja likikosekana, wekeni kalamu chini. Siku hiyo watawakasirikia. Lakini mtakuwa mmezuia damu.

Wapenzi wasikilizaji, vita ilitutoa katika vijiji vyetu. Tusikubali mali imtoe mtoto katika jamaa yake.