PAMBA HAINA MIGUU

(Maneno ya Kamati kwa wanachama, mkutano wa kufungua msimu wa ununuzi. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Kila msimu tunawashukuru waliopalilia na waliochuma. Karani wa mizani tunamshukuru, na bwana shamba tunampigia makofi. Leo tunaomba tumtaje mtu ambaye hamumkuti katika daftari la wanachama: dereva wa lori, pamoja na utingo wake.

Tuseme ukweli, pamba haina miguu. Ukishapima ghalani ukapewa stakabadhi, safari ndiyo kwanza inaanza. Lori linaipeleka kiwandani ikachambuliwe. Kilo 3 za pamba mbegu hutoa kama kilo 1 tu ya nyuzi. Sehemu kubwa ya zinazobaki ni mbegu, tunapata mafuta ya kula na mashudu ya mifugo. Nyuzi nyingi huuzwa ng'ambo, kwa hiyo lori jingine linazibeba hadi bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Hapo ni Maswa, Shinyanga, Nzega, Igunga, kupanda mlima Sekenke, kisha Singida, Dodoma na Morogoro. Sisi tumelala, mwenzetu macho yako barabarani.

Kazi hii ina historia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilibanwa, maana mafuta yake yalipitia huko. Madereva wakayabeba kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia na kurudi na shaba, kwenye barabara ya vumbi na tope iliyoitwa njia ya jehanamu. Malori yalianguka, watu walikufa. Bomba la mafuta lilikuja mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Kabla ya hapo jirani yetu alitegemea sana matairi.

Na mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walikaa foleni ndefu mipakani, Namanga na Mutukula, wakisubiri kupimwa. Wapo waliowanyooshea vidole kwamba ndio wanaoleta ugonjwa. Hata hivyo hawakuacha usukani, na mizigo ikavuka.

Kwetu hapa, lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, ilizinduliwa Januari 2017. Lami imeondoa tope, lakini usingizi haikuuondoa. Tena magari sasa yanakwenda kasi, na ng'ombe wetu wanavuka palepale.

Kwa hiyo basi, asante ya mdomo haitoshi. Kamati inaleta mambo matano, mkiyakubali yawe utaratibu wa chama:

1. Pamba iwe safi, kavu, imeshapimwa na kuandikwa kabla lori halijafika. Dereva asikae siku mbili akingoja hesabu zetu, halafu atake kuzifidia siku hizo kwa mbio.

2. Lori lisijazwe kupita kiasi. Wapo wanaosema tukirundika zaidi tutaokoa nauli. Jamani, pamba ni nyepesi lakini ina wingi. Ikipanda juu sana gari linayumba, kona moja tu, chali. Na kwa mizigo mizito, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56, gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kipimo chake. Faini inalipwa kwa fedha, mtu halipwi.

3. Hakuna sigara wala moto karibu na ghala au lori. Cheche moja inamaliza jasho la kijiji kizima.

4. Ng'ombe wavushwe barabara na mtu mzima, mchana. Mtoto wa miaka minane asiachiwe kundi zima na lami.

5. Lori likiharibika kijijini kwetu, sungusungu walinde usiku. Kuchota dizeli au kuchomoa pamba kwenye lori lililokwama ni wizi, hata kama mwenye lori hatumjui. Dereva na utingo wapewe maji ya kuoga, ugali na mahali pa kulala. Akisema amechoka, aachwe alale. Mtu yeyote asimwambie, "Kaza roho, utafika."

Na madereva nao tunawaomba: mwendo wa taratibu mbele ya shule, na kileo kisipande garini.

Ndugu zetu, dereva ana mke na watoto wanaohesabu siku kama sisi tunavyohesabu malipo. Akifika salama, nyumba mbili zinakula, yake na yetu.

Anayekubali mambo haya anyooshe mkono, tuhesabu.

Ushirika oyee! Madereva oyee!